Sindbad niliyemtafuta hayumo kwenye kanda

Ukipita kwenye baraza za misikiti yetu ya mjini baada ya swala ya Isha utawakuta watu wazima, wenye ndevu zilizoanza kuota mvi, wameinamia simu zao kama watoto. Usidhani wote wanaangalia mpira au wanasoma habari za siasa. Baadhi yao, na mimi ni mmojawapo, wanatafuta vipindi vya televisheni walivyovitazama utotoni. Mmoja anakumbuka wimbo wa kufungulia tu, jina la kipindi limempotea. Mwingine anakumbuka mtoto aliyempoteza mama yake na tumbili aliyekuwa naye, basi. Ataandika maneno mawili matatu kwenye mtandao wa YouTube, atajaribu tena kwa tahajia nyingine, na ghafla kitu alichokibeba kichwani kwa miaka thelathini au arubaini kinamtokea mbele ya macho, na rangi zake zimepauka kama kanga iliyofuliwa sana.

Wapo watakaosema huu ni upuuzi wa watu wasio na kazi. Kwa baadhi yetu yawezekana. Lakini ndugu msomaji, nimelifuatilia jambo hili kwa muda na nimeona ndani yake mna somo, na somo lenyewe silo lile tulilolizoea la kwamba zamani mambo yote yalikuwa mazuri.

Kwanza tuelewane kuhusu huo utoto wenyewe. Watu wa rika langu hatukutazama televisheni moja. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwaka 1973. Tanzania Bara ilisubiri mpaka 1994 vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo, na televisheni ya taifa ikafuata mwaka 2000. Kwa hiyo mtoto wa Ng'ambo na mtoto wa Magomeni waliozaliwa mwaka mmoja wana kumbukumbu tofauti kabisa, isipokuwa wale wachache wa Dar es Salaam ambao baba zao walisimamisha mlingoti mrefu juu ya paa wakavizia picha za Unguja zilizojaa chenga. Ndugu zetu wa Mombasa nao watakutajia Vitimbi na Vioja Mahakamani kabla hujamaliza swali.

Mimi utoto wangu ulipita Maskati. Baba aliondoka Unguja mwaka 1964, akakaa Dar es Salaam miaka kadhaa, na baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwataka Waomani walioko nje warejee, naye akaenda pamoja na wengi wengine. Mtaa wetu ulikuwa wa watu wa Unguja na Pemba, ukipita alasiri unasikia Kiswahili dirisha hadi dirisha. Televisheni ya Oman ilianza mwaka 1974, na mimi nilipopata akili, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa imeshazoeleka sebuleni kama birika la kahawa. Tulirudi Dar es Salaam mwaka 1989, kwa sababu za kifamilia ambazo hazimhusu msomaji. Kanda hatukurudi nazo. Tulirudi na vilivyomo kichwani.

Vipindi vilivyonibaki ni vitatu. Cha kwanza ni Iftah Ya Simsim, ambacho kila aliyekulia Ghuba atakuimbia akitaka asitake. Kilianza kuonyeshwa mwaka 1979, kikitengenezwa Kuwait na taasisi ya pamoja ya vipindi ya nchi za Ghuba, kwa kufuata muundo wa kipindi cha Marekani cha Sesame Street. Palikuwa na Nu'man, dude kubwa lenye manyoya, na kasuku akiitwa Malsun, na marafiki wawili wasioelewana, Anis na Badr. Lugha yake ilikuwa fusha nyepesi, kwa makusudi, ili mtoto wa Kuwait na mtoto wa Morocco wafahamu sawasawa. Kazi hiyo ilisimama mwaka 1990, mwaka ambao Iraq iliivamia Kuwait, na kilipofufuliwa mwaka 2015 kilikuja na sura mpya.

Nilipokipata tena nilishangazwa na upole wake. Hakuna haraka yoyote. Mtu anaeleza herufi moja, anaitamka, anaichora, anaitamka tena, na kamera imetulia tu. Mtoto wa leo angeshaondoka. Nilimkumbuka Nu'man kuwa ngamia, na dada yangu anaapa kuwa alikuwa dubu. Nimemtazama tena kwa makini na mpaka sasa sijui niseme nini. Lakini lugha imebaki. Imamu anaposoma khutba kwa Kiarabu, yapo maneno ya kawaida, ya "chini" na "juu", ya "karibu" na "mbali", ambayo nayafahamu kabla sijafikiri, na najua niliyapata wapi. Maalimu wetu wa chuo alitufundisha kusoma, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Maana ya maneno mengi ilitujia kutoka kwa yule kasuku.

Kipindi cha pili ni Grendizer. Hiki ni katuni ya Kijapani iliyotengenezwa kati ya 1975 na 1977, sehemu 74, ikatiwa sauti za Kiarabu Lebanon mwaka 1979, wakati nchi ile iko katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Huko Japani haikuwa kubwa kuliko katuni nyingine za maroboti. Kwa Waarabu ikawa jambo zito, na wimbo wake ulioimbwa na Sami Clark bado wanaujua watu wenye wajukuu. Kichwani mwangu Grendizer lilikuwa roboti kubwa lenye pembe, na makombora, na madege ya adui yakilipuka. Hayo tu.

Nimekitazama upya nikiwa na miaka zaidi ya arubaini, nikaona mambo ambayo mtoto hawezi kuyaona. Mwendesha roboti lile, Duke Fleed, ni mwana wa mfalme ambaye sayari yake imevamiwa na kuharibiwa. Amekimbia. Amepokewa na mzee mmoja mwanasayansi aliyemfanya mwanawe, amepewa jina jingine, na mchana anafanya kazi kwenye shamba la mifugo kama kijana yeyote wa pale. Hakuna anayejua alikotoka. Kila mara ukimtazama usoni anakumbuka kwao. Makombora yapo, lakini hadithi yenyewe ni ya mkimbizi.

Baba hakuwa mtu wa televisheni. Alikaa kwa taarifa ya habari, ikisha aliondoka zake. Grendizer alikuwa anakaa mpaka mwisho, kimya, kikombe mkononi. Sisi tulidhani anapenda maroboti, tukamcheka chinichini. Baba alishatangulia mbele ya haki kabla sijakitazama kipindi hiki upya, kwa hiyo simsemei. Naeleza tu nilichokiona, kwamba mtu aliyeondoka kwao akiwa kijana, asiyependa kuulizwa habari za 1964, alikuwa na nusu saa kwa wiki ambayo hakutaka kuikosa.

Huo basi ni upande mmoja wa jambo hili: kitu kilikuwamo kwenye kipindi, nasi hatukukiona. Upande wa pili ndio ulionifanya nishike kalamu, nao ni kitu tulichokiona ambacho kwenye kipindi hakimo.

Kipindi cha tatu ni Safari za Sindbad. Hii nayo ni katuni ya Japani, ya kampuni ya Nippon Animation, sehemu 52, iliyoonyeshwa kwao kuanzia Oktoba 1975 na kisha kutiwa sauti za Kiarabu. Sindbad pale ni mtoto wa Baghdad anayetoroka nyumbani kwenda kutafuta maajabu ya baharini. Begani ana ndege anayesema, ambaye kwa Kiarabu anaitwa Yasmina, na huyo ndege kwa kweli ni binti wa mfalme aliyerogwa. Baadaye wanaungana na Ali Baba, kijana hodari wa kutumia kisu, na mzee mmoja aitwaye Alauddin. Wasomaji waliosoma Alfu Lela Ulela kwa Kiswahili shuleni watawatambua wote, ingawa watashangaa kuwakuta chombo kimoja.

Katika kipindi hicho palikuwa na sehemu moja niliyoikumbuka kuliko zote. Sindbad anateremka kwenye kisiwa chenye harufu ya karafuu. Linakuja jitu limebeba ngoma kubwa. Kila likifika mji mmoja linapiga ngoma, na ndani ya ngoma inasikika sauti nzuri ya mtoto wa kike anaimba, watu wanastaajabu na kulipa jitu chakula. Yasmina, kwa kuwa naye amefungwa ndani ya umbo lisilo lake, anaitambua sauti ile kuwa ni ya mtu aliyefungwa. Usiku jitu likilala Sindbad anaipasua ngozi ya ngoma. Niliikumbuka mpaka rangi ya ile ngozi. Niliwasimulia wanangu mara nyingi kama hadithi ya Sindbad wa televisheni.

Msomaji wa pwani, na wa bara pia, nadhani ameshaanza kutabasamu.

Nilipovipata vipindi vile mtandaoni nilivitazama kwa mpango, kimoja baada ya kimoja, usiku baada ya watoto kulala, nikiingojea ngoma. Nilikutana na majini, na ndege Rukh, na majitu ya kila aina. Ngoma haikuja. Nikafika sehemu ya 52, Yasmina akarudi kuwa binadamu, hadithi ikaisha. Nikadhani imekatwa. Nikatafuta nakala nyingine, iliyo kwa Kijapani, nikaipitia mbiombio kwa picha tu. Haikuwamo. Ndipo nilipompigia simu dada yangu aliyebaki Maskati.

Alicheka mpaka nikaogopa atapaliwa. "We mwana we," akasema, "hiyo si ya Sindbad. Hiyo ya Bibi!"

Bibi, mama yake mama, alikuwa mtu wa Wete, Pemba. Kusoma Qur'ani alikuwa mahodari, lakini Kiarabu cha mazungumzo hakukifahamu, na fusha ya katuni hata kidogo. Alikuwa anakaa nyuma yetu kwenye mkeka, anachambua mchele au anasuka ukili, na picha anaziona. Kwa kuwa maneno hayamfikii, alikuwa anatia yake. Dada ni mkubwa kwangu miaka sita na anayakumbuka vizuri. Anasema Bibi alianza kusimulia palepale kipindi kinapoendelea, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea, na kipindi kikiisha Magharibi ikaingia, baada ya swala hadithi ilikuwa inaendelea bila televisheni mpaka wakati wa Isha. Sindbad alikuwa yuleyule, na Yasmina yuleyule. Lakini visiwa walivyofika vilikuwa vya Bibi. Hadithi ya zimwi lililomtia mtoto ndani ya ngoma kila mmoja wetu aliisikia kwa mzee wake, Waswahili kwa Wabantu wengine wa ukanda huu. Bibi aliitwaa akampandisha Sindbad humo.

Sasa hebu tujiulize, inakuwaje mtu mzima mwenye akili timamu aone kwa macho ya kichwa chake picha ambayo haikuwahi kuchorwa? Wataalamu wa mambo ya nafsi wamelijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1932 mwalimu wa Cambridge, Frederic Bartlett, alichapisha kitabu kuhusu kukumbuka. Aliwapa wasomaji wa Kiingereza hadithi ya Wahindi Wekundu wa Amerika ya Kaskazini, kisha akawataka waisimulie, baada ya muda mfupi na baada ya muda mrefu. Hadithi ilikuwa inabadilika kuelekea kwao. Mtumbwi ukawa mashua. Waliokwenda kuwinda sili wakawa wamekwenda kuvua samaki. Mambo ya mizuka yasiyoeleweka yalidondoka njiani. Bartlett akasema kukumbuka ni kujenga upya, na mjenzi hutumia matofali yaliyopo nyumbani kwake. Matofali ya nyumbani kwetu yalikuwa ya Bibi.

Lakini mimi nadhani Bartlett hatutoshi hapa, kwa sababu watu wake walisahau wenyewe kwa wenyewe. Kwetu palikuwa na mtu aliyesimama kati ya kioo na watoto akifanya kazi kamili, kazi ya mtunzi, na ni jina lake lililofutika. Jambo hilo lina mfano mkubwa, tena umo ndani ya hadithi hizihizi.

Wengi tunadhani Sindbad, Ali Baba na Alauddin wote wametoka katika kitabu kimoja cha kale cha Kiarabu. Sivyo. Mfaransa Antoine Galland alianza kuchapisha tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela mwaka 1704. Sindbad ilikuwa hadithi ya Kiarabu iliyojitegemea, na Galland alikuwa ameshaitafsiri kabla ya kuufikia mswada wa Alfu Lela, akaitumbukiza humo. Ama Alauddin na Ali Baba, katika miswada ya kale ya Kiarabu hawamo kabisa. Walitoka mdomoni mwa kijana mmoja Msiria, Mkristo wa Kimaroni kutoka Aleppo, mji ambao Waarabu huuita Halab. Jina lake Hanna Diyab. Alifika Paris, akakutana na Galland mwaka 1709, akamsimulia hadithi zaidi ya kumi. Galland akaziandika muhtasari katika shajara yake, kisha akazikuza na kuzitia kitabuni. Jina la Diyab kwenye kitabu hakuliweka.

Kwa hiyo katuni ya Japani iliyosema Kiarabu sebuleni kwetu Maskati ilikuwa imebeba hadithi za kijana wa Halab ambaye hakuna aliyemtaja. Yeye mwenyewe alirudi kwao, akauza vitambaa, na alipokuwa mzee katika miaka ya 1760 akaandika kwa mkono habari za safari yake. Mswada ule ulikaa katika maktaba ya Vatikani bila kujulikana ni wa nani, mpaka mwaka 1993 ulipotambuliwa kuwa ni wake. Tafsiri ya Kifaransa ilitoka 2015. Zaidi ya miaka mia tatu baada ya kusimulia, msimulizi akapata jina lake. Na alilipata kwa sababu moja tu, kwamba aliandika, na karatasi ikasalimika.

Niseme kidogo, nikiwa hapohapo kwa Sindbad, kwamba sisi watoto wa Maskati tulikuwa na haki ya kudhani ni wa kwetu. Watu wa Sohar hudai alizaliwa kwao. Na Novemba 1980 aling'oa nanga kutoka Maskati Tim Severin, baharia Mwingereza, akiwa na jahazi lililojengwa Sur bila msumari hata mmoja, mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kama mitepe ya Lamu ilivyokuwa ikishonwa. Lilifika Canton, China, Julai 1981. Jahazi lenyewe, liitwalo Sohar, liliwekwa kwenye mzunguko wa barabara karibu na hoteli ya Al Bustan. Bibi alipopelekwa kuliona aliuliza swali moja tu, mshono wa ndani umefungwa vipi, kwa sababu babu yake alikuwa mtu wa vyombo. Mafundi wa Bibi, wa kwenye hadithi zake, tangu siku hiyo wakawa wanashona.

Turudi kwenye kanda. Mtu anaweza kusema, kama picha zinafutika basi tuhifadhi picha, na ndiyo kazi ya serikali na vituo vya televisheni. Ni kweli, na picha zimefutwa nyingi, hata kwa matajiri. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, katika miaka ya 1960 na 1970 lilikuwa likifuta kanda zake ili kuzitumia tena, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali na hakuna aliyefikiri kuwa mtu atataka kuona kipindi cha mwaka juzi. Mwendelezo wao maarufu wa Doctor Who, ulioanza 1963, ulipoteza zaidi ya sehemu mia moja kwa njia hiyo. Lakini mwaka 2013 ilitangazwa kuwa sehemu tisa zilizokuwa zimepotea zimepatikana, na zilipopatikana ni Jos, Nigeria! Nakala za filamu zilikuwa zimeuzwa kwa vituo vya nchi za nje, na moja ya shehena hizo ilibaki kwenye kituo cha televisheni cha huko, kwenye vumbi, miaka zaidi ya arubaini. Waingereza wakarudishiwa chao na Waafrika.

Nyumbani kwetu pia tulikuwa na kanda mbili za video alizonunua Baba, tukarekodi Sindbad. Binamu yetu mmoja, ambaye leo ni mzee wa kuheshimiwa na simtaji, akarekodi Kombe la Dunia la 1986 juu yake. Tulilia siku mbili. Leo hasara ile ni sifuri. Sindbad yupo, amehifadhiwa na wenyewe, nakala nzuri kuliko ile yetu. Vitu vya watu wenye makampuni havipotei kirahisi. Vikipotea London vinaonekana Jos.

Hadithi ya Bibi haikuuzwa nje. Hakuna kituo chenye shehena yake. Ilikuwa inasemwa mara moja, kwa watu watano, juu ya mkeka.

Hapa ndipo ninapotofautiana na ndugu zangu wengi wanaoandika katika magazeti yetu kuhusu televisheni. Kwa miaka mingi tumesoma kwamba televisheni ndiyo iliyoua hadithi za wazee. Ninaielewa hofu hiyo, na machafu yaliyomo kwenye vituo vingi mimi siyatetei. Lakini kwetu televisheni haikumnyamazisha Bibi. Ilimpa wahusika wapya na mahali pa kuwapeleka. Iliwezekana hivyo kwa sababu kioo kilikuwa kimoja na sote tulikikabili, yeye akiwa nyuma yetu, na sauti yake ilikuwa inatufikia sawa na ya spika. Alikuwa anaweza kuingilia kati. Alikuwa anaweza kusema "huyo mwongo huyo" na sote tukamcheka mfalme wa majini.

Nenda leo kwenye nyumba zetu za Kariakoo, Ilala, Temeke, au Mbezi kwa waliojaaliwa. Kila mtoto ana kioo chake cha kiganjani, na masikioni ana hedifoni. Bibi yupo. Kwangu mimi yupo, ni mama yangu mwenyewe, ana miaka zaidi ya themanini, alhamdulillahi ana nguvu na ulimi wake ni mwepesi. Anakaa sebuleni na wajukuu wanne, na sebule imenyamaza kama maktaba. Hata akitaka kusema "huyo mwongo huyo", haoni wanachokiona na wao hawasikii anachosema. Tumebishana sana kuhusu kilichomo ndani ya kioo, halali yake na haramu yake. Idadi ya vioo hatukuijadili, wala pale alipokaa mzee.

Nikafanya jaribio dogo. Siku za Ijumaa baada ya Magharibi simu zote zinawekwa juu ya kabati, na ile sehemu ya Sindbad inawekwa kwenye televisheni ya sebuleni, kwa Kiarabu. Wanangu Kiarabu cha kusikiliza hawana. Wiki ya kwanza walinuna. Wiki ya pili mdogo akauliza, "Bibi, wanasema nini?" Mama akanitazama, kwa sababu na yeye hakufahamu vizuri. Kisha akaanza, polepole, "Wanasema wamepotea njia..." Hakuwa anatafsiri. Nilikisikia nilichokisikia, nikaenda jikoni kuchemsha chai ili nisiwavurugie.

Mama naye hadithi ya ngoma anayo nusu tu. Miaka ile ya Maskati muda mwingi alikuwa jikoni, na hadithi ilikuwa inamfikia kupitia ukutani. Kwa hiyo tumeanza kuikusanya. Dada anaandika kwa mkono Maskati na kunitumia picha za karatasi, Mama anaongeza, mimi nachapa. Mpaka sasa zimefika kurasa nne, na juu yake tumeandika jina la Bibi na mji wake. Mwisho ndio hatujakubaliana. Mimi nakumbuka Sindbad aliipasua ngoma na yule mtoto akapanda naye jahazini. Dada anasema la, mtoto alitolewa kimyakimya, ngoma ikajazwa nyuki na kufungwa tena, na asubuhi jitu likapiga. Mama anasema zote mbili ni za Bibi, inategemea siku hiyo tulikuwa tumemuudhi au hatukumuudhi.